Toleo la Kumi na Saba la Sauna Yetu

Jarkko Vesterinen alihamia jengo letu mwezi wa Novemba akiwa na masanduku manne ya kompyuta na kiti kimoja. Nilimsaidia kubeba kiti. Akasema asante, nami nikasema si kitu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kwa miezi kumi na minne iliyofuata. Msidhani tuligombana. Hapa Kuopio, kwa sisi Wafini, huo ni ujirani mwema.

Mimi ni Kauko, mstaafu wa posta, na mwenyekiti wa halmashauri ya jengo kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Cheo hiki sikukipigania. Katika mkutano mmoja wa mwaka mtu aliuliza kama kuna anayepinga Kauko awe mwenyekiti. Watu wote wakatazama ndani ya vikombe vyao vya kahawa, na mimi mwenyewe nikatazama ndani ya changu. Nyundo ikagongwa. Ndivyo tunavyoamua mambo kwetu: asiyesema amekubali, na wa kusema hayupo.

Jengo lina nyumba ishirini na nne na sauna moja, chumba cha kuogea mvuke, chini kabisa, karibu na chumba cha kuanikia nguo. Zamu za kuoga ni ishirini kwa wiki. Mwenye zamu ana saa yake moja, siku ileile, wakati uleule, wiki baada ya wiki, mpaka ahame au afe. Aune Tiihonen wa ghorofa ya kwanza ana Ijumaa saa kumi na moja jioni tangu mwaka 1974. Ameoga saa hiyo akiwa bibi harusi, akiwa mjamzito, akiwa mjane, na sasa ana miaka themanini na minne na bado yuko palepale, kwenye benchi la juu. Waziri mkuu wa nchi hii unaweza kumwondoa. Mtu wa zamu ya Ijumaa humwondoi.

Basi piga hesabu. Nyumba nne hazina zamu, na Jarkko alipofika aliandikwa wa nne katika orodha ya kusubiri. Kwa miaka minane alipanda ngazi moja tu, akawa wa tatu, kwa sababu yule wa tatu alichoka kungoja akahamia Oulu.

Na alikuwa anaitamani sauna. Lo, alikuwa anaitamani. Jumamosi jioni nikipanda ngazi na taulo langu shingoni nilikuwa namkuta amesimama karibu na mlango wa chini, anasoma tangazo la kubadilishwa kwa mapipa ya taka. Tangazo lile lina mistari mitatu, naye alilisoma miaka minane. Harufu ya mvuke na sabuni ya lami ya msonobari ilikuwa inamfikia pale, na pua yake ilikuwa inafanya kazi kuliko macho. Nilijua anachotaka. Kila mtu alijua. Zamu yangu ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni, benchi lina nafasi ya watu watano, na mimi huoga peke yangu tangu shemeji yangu aende kuishi Uhispania na mgongo wake mbovu. Ningeweza kumwambia njoo. Sikumwambia, kwa sababu hakuuliza. Naye hakuuliza, kwa sababu sikumwambia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tunauficha hata mahali ambapo watu wote wako uchi.

Kazi ya Jarkko ilikuwa kutengeneza programu za mtandaoni. Kampuni yake ilijenga tovuti za watu wengine: mahali pa kuagiza matairi, mahali pa kumwekea mbwa miadi kwa daktari. Mtu wa kazi hiyo akiwa na shida ya kumwambia jirani sentensi moja, haisemi ile sentensi. Anakaa chini anaandika mistari elfu ya msimbo ili sentensi isihitajike tena.

Katika mkutano wa mwaka, mwezi wa Aprili, Jarkko akanyoosha mkono. Kwanza tulidhani anaomba maandazi ya iliki. Akasimama, masikio yamemwiva, akasema amechunguza akaona kwamba kila wiki zamu tatu au nne zinapita bure: watu wako kwenye vibanda vyao vya ziwani, au wana mafua, au wameenda Iisalmi kwa dada zao. Yeye anaweza kutengeneza kitovuti kidogo. Unafungua kwenye simu, unaona zamu zote, na kama huji unabonyeza kitufe kimoja kiitwacho “Siji”. Zamu yako inamwendea mmoja wa walio kwenye orodha ya kusubiri, kwa kupokezana. Nikauliza kama kuna anayepinga. Vikombe vikatazamwa. Nikagonga nyundo.

Sasa niseme haki, maana huko mbele nitamsema vibaya: toleo lile la kwanza lilikuwa zuri. Ukurasa mmoja mweupe, majina ishirini, kitufe kimoja. Aune aliyekuwa na kompyuta ya mkononi aliyopewa na mjukuu wake, ambayo hadi siku hiyo aliitumia kukatia maandazi juu yake, aliweza kulitumia bila kuuliza mtu. Wiki ya pili tu akaenda kwa dada yake, akabonyeza “Siji”, na Jarkko akapata Ijumaa saa kumi na moja. Nilimwona akishuka na taulo begani kama mtu anayekwenda kufunga ndoa, na baada ya saa moja nikamwona akipanda, mwekundu mwili mzima, ana furaha mpaka inaonekana. Alinisalimu. Akasema, “Habari za jioni,” bila kulazimishwa na mtu.

Mwezi ule alioga mara nne. Angeishia hapo, akaitupa kompyuta yake katika ziwa Kallavesi, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini Aune alimkuta ngazini akamwambia, “Ile tovuti yako si mbaya.” Mgeni asiyejua atadhani bibi alimsema kwa ubaridi. Hapa “si mbaya” ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Kuna watu wamezikwa bila kuambiwa hivyo na wake zao. Jarkko alisimama palepale ameduwaa, mkono kwenye kishikio cha ngazi. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Fundi seremala akimaliza meza huchukua msumeno wake akaenda zake. Hatujawahi kumwona akirudi kila mwezi kuiongezea meza mguu mwingine. Lakini katika kazi ya Jarkko meza haimaliziki. Toleo la pili lilituletea kengele ya kukumbusha: dakika thelathini kabla ya zamu simu inalia kukwambia una zamu. Aune, ambaye hajasahau Ijumaa hata moja kwa nusu karne, sasa alikumbushwa. Toleo la tatu lilitaka uthibitishe kabla ya saa sita mchana kwamba utakuja. La nne lilikuonyesha hali ya hewa ya nje, ili ukiwa ndani kwenye joto la nyuzi themanini ujue huko nje kuna baridi. Kisha zikaja nyota. Ukitoka tu kuoga simu inakuuliza: “Mvuke wa leo ulikuwaje?” Unachagua nyota moja mpaka tano. Nilitoa tatu kwa uaminifu wangu wote, na toleo lililofuata likaniamuru nieleze, kwa maneno yasiyopungua ishirini, kwa nini sikutoa tano. Tangu siku hiyo nilitoa tano.

Kila baada ya toleo Jarkko alisubiri wiki moja malalamiko. Hayakuja. Akanisimamisha ngazini, uso umechangamka.

“Hakuna aliyelalamika, Kauko. Hata mmoja.”

“Naona,” nikamwambia.

“Unajua, mtumiaji hajui anachotaka mpaka umwonyeshe.”

Nikaenda zangu nikilitafuna neno hilo. Miaka minane nilikuwa jirani, sasa nimekuwa mtumiaji. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba yeye ni Mfini kama mimi. Alipaswa kujua kwamba hapa malalamiko hutolewa siku mtu anapohama, kwa barua, bila jina. Yeye mwenyewe alikuwa amenyamaza miaka minane mbele ya tangazo la mapipa ya taka, lakini alipouona unyamavu uleule kwa wengine alidhani ni shangwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mashine ya kuupima mshindo huo Jarkko hakuwa ameitengeneza bado.

Mwezi wa Septemba kampuni yake ilipunguza watu kumi na mmoja, naye akiwemo. Aliniambia kwa sentensi moja akiwa anatoa takataka. “Sasa nitapata muda zaidi wa sauna,” akasema. Nilifurahi, nikidhani anasema kuoga. Kumbe anasema mfumo.

Toleo la tisa ndilo lililotuua. Jarkko aliunganisha mfumo na lile jiko la mawe linalopasha sauna joto, na taa, na kitasa cha mlango, kikawa kinafunguka zamu ikianza tu. Ukifika lazima ubonyeze “Nimefika” kwenye simu. Usipobonyeza ndani ya dakika kumi, mfumo unaamua kwamba zamu yako imepotea, unazima jiko na taa ili umeme usipotee bure. Katika mkutano wa dharura aliueleza kwa picha za rangi. Nikauliza kama kuna anayepinga. Mnajua kilichofuata, nami nimeishiwa maneno ya kuvielezea vile vikombe.

Ijumaa ileile Aune alishuka saa kumi na moja kama kawaida, akaacha kompyuta yake juu mezani, maana nani mwenye akili zake anaingia na kompyuta penye mvuke? Dakika kumi baadaye alikuwa na sabuni kichwani na macho yamefumba, taa ikazimika. Alipapasa ukuta mpaka akapata gauni lake la taulo, akapanda mpaka kwangu akiacha matone kwenye kila ngazi.

“Kauko,” akasema, povu linamshuka shavuni, “naoga Ijumaa tangu huyo kijana hajazaliwa. Leo naambiwa sijafika.”

“Pole sana, Aune.”

“Pole hainisuuzi kichwa. Nenda kamwambie.”

“Nikamwambie nini?”

“Wewe si ndiye mwenyekiti? Mwambie aache.”

Nikapanda hadi ghorofa ya tatu. Nikasimama mbele ya mlango wake. Ndani nilisikia vidole vyake vikigonga vibonye kwa kasi, na alikuwa anapiga mluzi. Mtu aliyefukuzwa kazi wiki tatu zilizopita anapiga mluzi. Nikaona haya. Nikashuka polepole, nikamwambia Aune hayupo.

Aune alinitazama kwa muda, kisha akaenda kusuuza kichwa chake kwenye sinki la jikoni. Mimi usiku ule sikujivunia chochote.

Basi tukafanya wanavyofanya waoga wa dunia nzima, tukawa wema kwa siri. Sheria ya zimamoto inataka kila jiko la sauna liwe na swichi ya kuwashwa kwa mkono, na swichi hiyo iko ndani ya kabati la umeme kwenye chumba cha kuanikia nguo. Chumba hicho kina mlango wake mdogo wa kuingilia sauna, wenye ufunguo wa shaba wa zamani. Jarkko hakujua, kwa sababu ana mashine yake ya kukaushia na hajawahi kuanika hata soksi kule chini. Nikaichukua ile orodha ya karatasi ya zamani, ambayo sikuitupa kwa sababu situpi kitu, nikaibandika nyuma ya mlango wa chumba hicho, na penseli nikaining'iniza kwa uzi. Sikumwambia mtu isipokuwa Aune. Baada ya wiki mbili jengo zima lilikuwa linaoga kwa penseli. Ukihitaji kubadilishana zamu unafuta kwa raba, unaandika. Hakuna anayekuuliza mvuke ulikuwaje.

Tatizo likabaki moja. Mfumo ukionekana mtupu, Jarkko atajua, na ataumia. Hana kazi, hana mke, hana hata pazia. Ana sisi watumiaji wake. Aune ndiye aliyepiga mstari wa pili kwenye karatasi na kuandika juu yake: “Anayebofya wiki hii.” Kuanzia hapo kila wiki mtu mmoja alikuwa na zamu ya kuingia kwenye mfumo kwa niaba ya nyumba zote ishirini zenye zamu: kuthibitisha, kubonyeza “Nimefika”, kutoa nyota tano, na hapa na pale kuandika neno. Nesi mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa na kipaji. Wiki zake maoni yalikuwa matamu mpaka Jarkko, katika toleo la kumi na nne, akatunga medali ya maoni bora.

Na hapo ndipo tulipomtendea ubaya mkubwa bila kukusudia. Mbofyaji alithibitisha zamu zote, kila wiki, bila kukosa. Hakuna aliyebonyeza “Siji”, maana Jarkko akipewa zamu atashuka, na akishuka atamkuta mtu ndani. Kwa hiyo mfumo uliotengenezwa ili Jarkko apate kuoga ukawa umejaa pomoni, na Jarkko hakuoga hata mara moja tangu Oktoba mpaka Machi. Alikuwa anapanda basi kwenda sauna ya bwawa la kuogelea la mji, ambako watu hawajuani na mvuke unanuka klorini.

Nilikutana naye mwezi wa Februari, theluji kofiani, mfuko wa nguo za kuogelea mkononi.

“Asilimia mia, Kauko,” akaniambia. “Hakuna zamu hata moja inayopotea.”

“Vizuri.”

“Ndiyo,” akasema. “Vizuri.” Akautazama mlango wa chini, kisha akapanda.

Roho iliniuma, nasema kweli. Iliniuma mpaka mlangoni kwangu, kisha nikaingia ndani nikala.

Mambo yalifumka mwezi wa Machi. Ijumaa moja Aune alikuwa amebadilishana zamu na nesi kwa penseli, akaenda dukani. Saa kumi na moja na robo Jarkko alimkuta hukohuko dukani, upande wa samaki, anachagua dagaa wa ziwani. Jarkko akatazama simu yake. Simu ikamwambia kwamba Aune Tiihonen amefika sauna saa kumi na moja kamili na kwamba tayari ametoa nyota tano. Aliinua macho, akamwona Aune. Akatazama simu tena.

Mtu mwingine yeyote angesema, “Bi Aune, mbona uko hapa?” Jarkko alisalimia kwa kichwa, akarudi nyumbani mbio, akaanza kutafuta hitilafu. Mtu anasimama mbele yake na dagaa mkononi, yeye anashuku waya. Alipekua msimbo wake Ijumaa yote na asubuhi ya Jumamosi, akatoa toleo la kumi na saba lenye marekebisho, na ilipofika saa saba mchana akaamua kwamba kosa lazima liko kwenye umeme wa jiko. Akachukua bisibisi na tochi, akashuka kulitafuta kabati.

Wiki ile mbofyaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya mashuka ya Aune, miwani puani, natoa nyota za Jumamosi mapema ili niwe huru. Aune alikuwa anakunja foronya. Mlango ukafunguliwa.

Jarkko aliona simu mkononi mwangu, na ukurasa wake juu ya simu. Kisha mlango ukajifunga nyuma yake na akaiona karatasi. Aliisoma yote, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayesoma hukumu yake. Aliposoma ule mstari wa pili midomo yake ilisogea, akiyataja majina kimyakimya.

“Tangu lini?” akauliza.

“Oktoba,” nikasema.

“Na yale maoni? ‘Mvuke wa leo umenikumbatia kama blanketi la bibi yangu’?”

“Yule nesi wa ghorofa ya nne.”

“Hayo niliyachapisha,” akasema. “Nimeyabandika jikoni.”

Ningependa kusema kwamba nilimshika bega. Nilishika ndoo.

“Kwa nini hamkuniambia?”

Nikatazama chini nikitafuta kikombe cha kahawa cha kutazama ndani yake. Hakikuwepo. Aune akaiweka foronya kwenye kapu.

“Na wewe,” akasema, “kwa nini hukuuliza?”

“Kuuliza nini?”

“Kuoga, kijana. Miaka minane unasoma habari za mapipa.”

Jarkko akaizungusha bisibisi mkononi. “Sikutaka kusumbua watu,” akasema.

“Umetusumbua mara kumi na saba,” Aune akamwambia. “Kuuliza ungetusumbua mara moja.”

Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka moja, tone, tone. Jarkko akapeleka mkono wa kushoto kwenye ile penseli, akauvuta uzi, akaupima kwa jicho. Nikaiona ile nuru ya zamani ikirudi usoni mwake.

“Huu uzi ni mfupi,” akasema. “Mtu wa mkono wa kushoto hafikii safu ya Jumamosi. Ningeweza kuongeza kitu kidogo tu, halafu—”

“Hapana,” akasema Aune.

Nimeishi jengo hili miaka thelathini na mmoja. Neno hilo sikuwahi kulisikia ndani yake likitamkwa uso kwa uso. Halikutamkwa kwa ukali, lilitamkwa tu, kama mtu anavyosema mvua inanyesha, na dari haikuanguka. Jarkko aliiachia penseli ikabembea. Alikodoa macho kama mtu aliyeamshwa, na nikadhani atatoka, na kwamba hatutamwona tena mpaka barua ya kuhama ije bila jina. Niliogopa kweli.

Masikio yakaanza kumwiva, kama siku ile ya mkutano.

“Kauko,” akasema, akiiambia ile ndoo zaidi kuliko mimi. “Leo saa kumi na mbili. Kuna nafasi?”

Kinywa changu kilishatayarisha majibu ya kwetu: kwamba itategemea, kwamba haidhuru, kwamba mtu anaweza kuja au asije. Aune akanitazama.

“Ipo,” nikasema. “Njoo.”

Alifika dakika kumi kabla ya saa, na taulo na soda mbili. Tukakaa benchi la juu. Akamwaga maji juu ya mawe, kata moja tu, kwa adabu, na mvuke ukapanda ukatufunika masikio. Tukatoka jasho dakika ishirini. Kisha nikamuuliza mvuke wa leo ulikuwaje. Alifikiri sana. Hakuwa na simu, wala hapakuwa na mahali pa kuiweka.

“Si mbaya,” akasema, akajifuta uso kwa kiganja. Jasho lilikuwa jingi, na mimi sikuangalia kama lote lilikuwa jasho.

Tovuti aliizima Jumatatu. Mstari wa mbofyaji tumeufuta kwa raba. Nesi alisikitika kidogo, ana maoni mengine mawili hajayatumia. Na ukiingia kwenye chumba cha kuanikia nguo, ukifunga mlango ukatazama safu ya Jumamosi, saa kumi na mbili, utaona kando ya jina langu limeandikwa jina la pili. Limekaa upande na herufi za mwisho zimeshuka chini, kwa sababu aliyeandika anatumia mkono wa kushoto, na uzi kweli ni mfupi.